Ngombe changa: wakati gani iko tayari kuvaa nira?



Kila mwaka, mvua ikikaribia, swali moja linarudi katika mikutano ya koperative zinazolima na ngombe: "Hii dume yetu changa, tunaweza kuianzisha kazi sasa?" Wengine wanasema ndiyo, juu iko kubwa na ina nguvu. Wengine wanasema bado. Mara nyingi anayeshinda ni yule ambaye shamba lake linangoja kulimwa.

Leo tunaeleza namna ya kujibu hilo swali bila kubahatisha. Kuna vitu vinne ambavyo kila mtu anaweza kuangalia kwa macho na kupima kwa mikono: meno, kilo, afya na tabia. Vyote vinne vikisema ndiyo, ngombe iingie kazini. Kimoja kikisema bado, ni bado.

Haraka inakula nini

Ngombe ya kazi iliyoanza kwa wakati wake na kutunzwa vizuri inaweza kuvuta jembe miaka 6, miaka 8, hata zaidi. Ile iliyoharakishwa inaweza kulima msimu mmoja, halafu inaanza kuchechemea, inakonda, inaogopa nira, na mwisho inaenda kwa muchinjaji. Fanyeni hesabu. Mkingoja, mnapoteza msimu mmoja. Mkiharakisha, mnaweza kupoteza misimu yote iliyobaki, pamoja na pesa mliyonunulia.

Sababu iko ndani ya mifupa. Ngombe changa inaweza kuonekana kubwa kwa nje, lakini mifupa yake haijaisha kukomaa. Kwenye ncha za mifupa mirefu ya miguu kuna sehemu laini, njo hapo mfupa unaongezeka urefu. Sehemu hizo hazifungi siku moja. Za chini ya mguu zinatangulia. Za juu, karibu na bega na nyonga, zinaweza kungoja mpaka miaka 3 na nusu au 4. Uti wa mgongo unachelewa kuliko yote. Watu wanaofuga farasi wanalijua jambo hilo pia: farasi changa inaweza kuwa ndefu kama mama yake, na bado mgongo wake haujakuwa tayari kubeba mtu.

Ngombe inavuta kwa kusukuma nira na shingo na mabega, na nguvu inatoka kwenye miguu ya nyuma. Mkiipa jembe zito mapema, mzigo unaangukia palepale ambapo mfupa ungali laini. Uharibifu hauonekani siku hiyo. Unaonekana mwaka unaofuata, na hapo hakuna dawa.

Jambo la kwanza: meno

Muuzaji anaweza kusema ngombe iko na miaka 4. Mfungueni ngombe midomo, muone wenyewe. Ngombe haina meno ya mbele upande wa juu. Upande wa chini ina meno 8 ya mbele. Kwanza ni meno madogo ya maziwa, halafu yanabadilika mawili mawili, kuanzia katikati kwenda pembeni. Meno ya kudumu ni makubwa na mapana, hamwezi kuyachanganya na yale madogo.

– Meno yote bado madogo: ngombe haijafikia miaka 2. Hakuna kazi. Muizoeshe kamba na mkono wa mtu.

– Meno 2 makubwa: karibu miaka 2. Muifundishe kutembea na kamba, kusimama, kugeuka.

– Meno 4 makubwa: karibu miaka 2 na nusu hadi 3. Mafunzo ya nira yanaweza kuanza, na vitu vyepesi tu.

– Meno 6 makubwa: karibu miaka 3 hadi 3 na nusu. Kazi nyepesi, saa chache.

– Meno 8 makubwa: miaka 4 hivi au zaidi. Hapo njo kazi kamili.

Ngombe iliyokula vibaya ikiwa ndogo inaweza kuchelewa kubadili meno. Hilo lisiwasumbue: mara nyingi hata mwili wake umechelewa vilevile. Basi mfuate meno, musifuate maneno.

Angalieni pia kama dume imehasiwa, na lini. Wafugaji wengi wanahasi ngombe ya kazi ikiwa kati ya mwaka 1 na miaka 2, ili shingo ipate kwanza kunenepa kidogo. Kazi hiyo ifanywe na muganga wa nyama au mtu aliyefundishwa. Baada ya kuhasi, musianze mafunzo ya nira kabla ya kupita mwezi mzima, na kidonda kiwe kimekauka kabisa.

Jambo la pili: kilo

Kwa kazi ya siku kwa siku, ngombe inaweza kuvuta kwa muda mrefu nguvu iliyo karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ngombe ya kilo 300 inavuta kama kilo 30. Inaweza kuvuta zaidi kwa dakika chache, kwa mfano kutoa mukokoteni kwenye tope, lakini haiwezi kuendelea vile asubuhi nzima.

Sasa jembe linaomba nguvu ngapi? Kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, jembe dogo linaomba kama kilo 60 hadi 80. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, au udongo uliokauka, inaweza kupita kilo 100. Njo maana ngombe mbili za kilo 300 kila moja zinaweza kulima udongo mwepesi, lakini zitateseka kwenye udongo mzito. Hapo inafaa kufunga jozi mbili, ao kulima juu juu kwanza na kurudia.

Koperative nyingi hazina mizani ya ngombe. Haina shida. Tafuteni mita ya fundi cherehani. Ngombe isimame sawa kwenye ardhi tambarare, asubuhi, kabla ya kula na kunywa. Pimeni vitu viwili kwa sentimeta:

1. Muzunguko wa kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele na nyuma ya nundu.
2. Urefu wa mwili, kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya mfupa wa matako.

Halafu: muzunguko mara muzunguko, mara urefu, gawanya kwa 10 840. Jibu ni kilo, kwa kukadiria.

Tuchukue mfano. Koperative ina dume mbili. Ya kwanza ina muzunguko wa sentimeta 155 na urefu wa 130. Hesabu: 155 × 155 × 130 = 3 123 250. Gawanya kwa 10 840, ni kama kilo 288. Ya pili ina muzunguko wa 145 na urefu wa 120. Hesabu: 145 × 145 × 120 = 2 523 000. Gawanya, ni kama kilo 233.

Mita inatuambia mambo mawili. Kwanza, zote mbili pamoja ni kilo 521, basi zinaweza kuvuta kama kilo 52 asubuhi nzima. Jembe linaomba 60 au zaidi. Jozi hii haijafika kwa kulima. Inaweza kuvuta mukokoteni mwepesi wa magurudumu ya mpira kwenye njia tambarare, na kufundishwa. Pili, tofauti kati yao ni kilo 55. Ile kubwa itatangulia, nira itakaa upande, na ile ndogo itaumia shingo. Heri mutafute nyingine inayolingana na ile kubwa, na hii ndogo ikue kwanza.

Aina ya ngombe nayo inahesabika. Ankole ya Kivu inaonekana kubwa haraka kwa sababu ya urefu wa miguu na pembe, lakini kifua chake kinaweza kuwa bado chembamba. Mita ya kifua haidanganyiki na pembe. Tena pembe ndefu zinaomba nira ndefu, ili zisichomane. Lugware, ile zebu ya kaskazini-mashariki, ni ngombe ndogo. Itachukua muda kufikia kilo za kulima, na zingine zitahitaji jozi mbili siku zote. Ndama ni fupi vilevile, lakini inavumilia ugonjwa wa mbungo kuliko zebu, na huo ni uzuri mkubwa katika nchi yenye mbungo.

Jambo la tatu: afya

Hapa kuna mtego ambao unakamata koperative nyingi. Wakati wa kulima unakuja mwisho wa kiangazi, yaani wakati ule ngombe imekonda kuliko miezi yote. Katanga na Tanganyika mvua inaanza karibu mwezi wa 10 na wa 11, baada ya miezi mingi ya majani makavu. Ituri mvua ya kwanza inakuja karibu mwezi wa 3. Ngombe iliyokuwa na kilo 300 wakati wa majani mabichi inaweza kufika kwenye jembe bila zile kilo. Basi mupime tena wiki mbili kabla ya kazi. Kilo za mwezi wa 5 hazilimi mwezi wa 11.

Angalieni mbavu. Ukisimama mbali kama hatua kumi na kuhesabu mbavu zote bila shida, na mifupa ya kiuno imechongoka, ngombe hiyo haiko tayari, hata kama ina meno 8.

Angalieni ndani ya kope la chini la jicho. Likiwa na rangi nyekundu ya waridi, ni vizuri. Likiwa jeupe, damu imepungua. Inaweza kuwa minyoo, kupe, ao ugonjwa wa mbungo, ule nzi wanaita tsetse. Ngombe yenye ugonjwa wa mbungo inakonda polepole, manyoya yanasimama, inachoka upesi. Wakati mwingine ugonjwa umelala ndani na hauonekani. Kazi nzito njo inauamsha. Guseni pia chini ya masikio na mbele ya bega. Mkikuta uvimbe na ngombe ina homa, muite muganga wa nyama siku hiyo hiyo, kwa sababu ugonjwa wa kupe wa Kivu na Ituri unaua kwa siku chache. Ngombe iliyotibiwa leo haivai nira kesho. Muipumzishe mpaka irudi kula na kucheua vizuri.

Mwisho angalieni kwato na shingo. Ngombe yenye kidonda kwenye shingo haivai nira mpaka ngozi ifunge.

Jambo la nne: tabia

Ngombe inaweza kuwa na meno, kilo na afya, na bado haijafundishwa kusikia. Hiyo ni hatari kwa watu. Kabla ya kuifunga jembe, muijaribu hivi:

– Inakubali kushikwa na kufungwa kamba bila kupigana?
– Inamfuata mtu mmoja, mbele na nyuma?
– Inasimama ukiiambia simama, na kubaki imesimama?
– Inakubali kuguswa miguu ya nyuma, tumbo na mkia?
– Munyororo ukigonga nyuma ya miguu, inabaki mahali pake?

Ikishindwa hata moja, muendelee kuifundisha. Hasa ile ya mwisho: ngombe nyingi zinakimbia siku ya kwanza ya jembe kwa sababu ya sauti ya munyororo, na mtu anaburutwa.

Mafunzo yanachukua kama wiki 6, kila asubuhi, nusu saa mpaka saa moja, bila kuruka siku nyingi. Tumieni maneno yaleyale kila siku, kwa lugha yoyote ya kwenu, na mtu yuleyule. Ngombe ya kushoto ibaki kushoto siku zote, ya kulia ibaki kulia.

Wiki ya 1: kamba, kutembea, kusimama, kusuguliwa mwili mzima.
Wiki ya 2: nira bila mzigo. Mukiwa na ngombe ya zamani iliyozoea, muifunge na ile changa. Hakuna mwalimu anayeishinda.
Wiki ya 3: kukokota gogo jepesi, kilo 20 ao 30, mahali tambarare.
Wiki ya 4: gogo zito kidogo, kutembea kwa mustari, kugeuka mwisho wa shamba.
Wiki ya 5 na ya 6: jembe, lakini kwenye udongo laini uliokwisha kulimwa, mistari michache tu.

Musipige. Ngombe inayopigwa inajifunza kumuogopa mtu, haijifunzi kulima. Mtoto peke yake asiachiwe kazi ya kufundisha.

Msimu wa kwanza si msimu wa kazi yote

Hata ngombe iliyokubaliwa na mambo yote manne inaanza polepole. Musimu wa kwanza, saa 2 za asubuhi zinatosha, siku moja kazi, siku moja kupumzika. Ikizoea, muongeze mpaka saa 3. Ngombe iliyokomaa inaweza kufanya saa 4 ao 5 kwa siku. Muanze jua likichomoza, muishe kabla ya joto. Baada ya kazi, maji ya kutosha, chumvi, na muda mrefu wa kula na kucheua. Ngombe inayokosa saa za kucheua inalima kwa nyama ya mwili wake.

Musimamishe kazi palepale mukiona: ulimi nje na kupumua kwa mdomo wazi, miguu kutetemeka, ngombe kulala chini, ao ngozi ya shingo kuchubuka. Mukiisha kusimamisha, mungoje. Kama baada ya dakika 20 kivulini pumzi haijatulia, kazi ya siku hiyo imeisha.

Nani anasema "bado"?

Hili ni swali la koperative, si la ngombe. Mwenye shamba linalongoja hawezi kuwa hakimu mzuri, hata akiwa mtu wa haki. Tunashauri komite ichague watu watatu: yule anayechunga ngombe kila siku, mtu mmoja mwenye uzoefu wa kulima na ngombe, na mwanamemba mmoja ambaye shamba lake haliko kwenye zamu ya kwanza. Wakiweza, wamuite na muganga wa nyama. Wapime meno, kilo, afya na tabia, waandike kwenye daftari pamoja na tarehe. "Bado" ya mtu mmoja itoshe kuzuia, lakini aseme ni jambo gani limekataa, na waandike tarehe ya kupima tena. Hivyo hakuna mtu anayefikiri ananyimwa kwa chuki, na ile ngombe haisahauliwi.

Deni nalo linasukuma watu. Koperative iliyonunua jozi kwa mukopo inataka ngombe ilime haraka ili ilipe. Basi jambo hili lifikiriwe kabla ya kununua. Mukitaka kulima mwaka huu huu, munue ngombe yenye meno 6 kwenda juu, hata kama bei iko juu kidogo. Mukinunua ya meno 2 kwa sababu ni rahisi, muelewane na anayewakopesha kwamba malipo ya kwanza yatakuja baada ya msimu ambao ngombe itakuwa imekomaa. Njia nyingine ni kununua moja iliyozoea na moja changa: ya zamani inafanya kazi na kufundisha.

Wakati wa kungoja, tufanye nini?

Kungoja si kukaa. Jozi ya zamani ilime kwa zamu, kuanzia mashamba yenye udongo mwepesi. Sehemu zilizobaki, wanamemba wafanye salongo kwa jembe la mkono, ao koperative ikodishe jozi ya jirani siku chache. Ngombe changa ikokote gogo na mukokoteni mwepesi, ilete bidoni za maji na kuni, izoee watu na njia.

Tena muandae chakula mapema. Majani ya karanga, mabua ya mahindi, majani ya viazi vitamu, pumba na mashudu ya mawese, vyote viwekwe mahali pakavu wakati wa mavuno. Wiki 6 kabla ya mvua, muanze kuvitoa kwa ngombe za kazi. Ngombe changa iliyokula vizuri kiangazi hiki inaweza kuambiwa "ndiyo" msimu unaokuja. Ile iliyoachwa kwenye majani makavu itaambiwa "bado" mara ya pili, na hapo kosa halitakuwa la ngombe.

Kwenye mkutano wenu unaofuata, muchukue mita na daftari, muende wote pamoja zizini. Mupime kila dume changa, muandike. Mupime tena baada ya miezi 3. Mukifanya hivyo mara mbili tu, mabishano ya kila mwaka yatapungua, juu jibu litakuwa limeandikwa kabla ya mvua kufika.